Kamusi ya Mwalimu Elius

Mwalimu Elius alipostaafu kufundisha hapo Njombe, hakurudi shambani kama wenzake. Alikuwa akizunguka vijijini na redio ya kaseti, akiwarekodi vikongwe wakisema Kibena cha zamani: majina ya majani ya dawa, ya aina za ukungu, maneno ya kumwita mtoto aliyefiwa. Nyumbani aliyaandika kwenye kompyuta kuukuu, kisha akamrekodi mwingine juu ya kaseti ile ile, maana kaseti zilikuwa adimu.

Mwaka 2003 programu yake ya kamusi ikaanza kugoma. Akapanda basi hadi Makambako kwa Abdulaziz, mtu wa Ujiji aliyefungua duka la intaneti jirani na stesheni.

"Mwalimu, itabidi uishushe upya mtandaoni. Ila siku hizi wapo wanaochezea programu za watu na kutia virusi ndani," Abdulaziz alimwambia. "Ndiyo maana watengenezaji wanaweka saini. Wanasaini kwa ufunguo wao wa siri, wewe unahakiki kwa ufunguo wao wa wazi. Faili likiguswa hata herufi moja, saini inakataa. Ila kwanza ujue ufunguo wenyewe ni wa kwao kweli. Wapigie simu wakusomee namba zake."

Elius alipiga simu, haikupokelewa. Siku aliyorudi dukani, Abdulaziz alikuwa msibani. Mzee akaishusha programu peke yake, na ufunguo akauchukua papo hapo, kwenye ukurasa ule ule. Kompyuta ikaandika kuwa saini ni sahihi. Moyo ukamtulia.

Nyumbani alipoiweka programu ile na kuifungua kamusi, kurasa zilikuwa tupu. Akaingiza diski ya akiba aone kama imesalimika. Nayo ikafutika mbele ya macho yake. Akaingiza nyingine. Mkewe, Emilia, alimkuta diski ya mwisho ameshaiingiza.

"Baba Jasmine, itoe! Itoe!"

Alikuwa amechelewa.

Abdulaziz alisafiri hadi Njombe, akaikagua kompyuta muda mrefu.

"Ukurasa ule ulikuwa wa bandia, Mwalimu. Na ufunguo uliochukua ni wa hao hao walioughushi."

"Lakini saini ilikubali."

"Ilikubali kwa sababu ni yao. Ilikwambia faili limetoka kwa mwenye ufunguo. Mwenye ufunguo ni nani, haiwezi kukwambia."

Siku chache baadaye Elius alivaa koti, akaanza upya kuwazungukia vikongwe wake. Upande wa Ilembula alionyeshwa kaburi la Bibi Ema, mmoja wa aliowarekodi zamani, nyasi zimeshaota juu yake. Mzee Enoki, naye aliyewahi kumrekodi, alikuwa hai, lakini alimtazama kwa upole akamuuliza yeye ni mtoto wa nani.

Basi akabaki nyumbani, akijaribu kukumbuka pamoja na Emilia. Machache waliyaokoa. Mengine Elius aliyakumbuka sauti tu. Aliyatamka polepole, akayarudia, akamgeukia mkewe. Emilia akatikisa kichwa. Maana yake hakuna aliyekuwa nayo tena.