Wacheza karata wa Njoro enzi za Mwingereza, na jinsi nilivyopata mke kwa kuangalia chini

Wakuu, kwema humu?

Wakubwa wangu nawaamkia shikamoo, ingawa kwa umri nilionao sidhani kama humu yupo wa kuipokea. Mimi nilikuwa mtu mzima mwenye cherehani yangu wakati bendera ya Mwingereza bado inapandishwa pale Moshi kila asubuhi.

Juzi nimesoma uzi wa vijana wanaojisifu kucheza poker kwenye casino za Dar. Mmoja anasema eti amekariri video za namna ya kukausha sura ili mpinzani asijue una karata gani.

Nimecheka mpaka bibi yenu akaja kuniuliza kama nimepaliwa.

Nikaona na mimi niweke wa kwangu. Ni kweli tupu, na bibi yenu amekaa hapa pembeni na miwani yake. Nikiteleza atanisahihisha, na akishanisahihisha huwa hakuna rufaa.

Twende.

Miaka ya hamsini, Njoro, palikuwa na baraza moja tu ya karata iliyokuwa na heshima. Ilikuwa ya Mzee Mabruki.

Huyu mzee alikuwa amestaafu reli. Ujana wake wote alikuwa mchochea moto wa treni, kutupa makaa kwenye tanuri kutoka Moshi mpaka Tanga na kurudi. Kwa hiyo mikono yake haikujua kuweka kitu, ilijua kutupa tu. Akiwa na karata nzuri aliipiga mezani mpaka kuku wa jirani wanaacha kula. Meza zilivunjika hadi seremala akaomba asiitwe tena, tukaishia kuchezea juu ya pipa lililofunikwa ubao.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa watu wanne, wawili kwa wawili, mwenzako anakaa mbele yako. Kuna turufu, kuna kula na kuliwa, na pointi zinahesabiwa mwisho.

Hela hatukucheza. Askari wangetusomba wote.

Tulichezea gunia.

Yaani gunia la kahawa, lile la katani, limetobolewa shingo na mikono. Wawili walioshindwa wanalivaa kila mmoja lake na kutembea nalo mpaka sokoni na kurudi, Jumamosi, watu wamejaa. Msione kama ni utani. Hela ikipotea unaitafuta nyingine. Lakini mama yako anauza nyanya pale sokoni, halafu mtoto wake anapita amevaa gunia linalonuka kahawa mbichi, hilo linakaa kwenye ukoo.

Sasa niwape wachezaji wawili watatu mjue tulikuwa na watu wa aina gani.

Wa kwanza ni Saidi Koti. Huyu ndiye aliyekuwa mwenza wa Mzee Mabruki kwa miaka mingi. Alivaa koti zito la sufu Januari, jua la Moshi linachoma mabati, yeye amefunga vifungo vyote na jasho linamtiririka. Watu wakasema anaficha karata humo ndani. Siku moja wageni wakamtaka alivue kwanza ndipo wacheze. Akasimama, akaaga kwa adabu, akahamia Mabogini kulima na hakurudi tena barazani.

Mimi kama fundi nilijua siri ya lile koti. Shati la ndani lilikuwa kola na kifua tu, mgongo haukuwepo. Hakuwa na karata yoyote humo, alikuwa na aibu yake tu, maskini. Bado namhurumia nikimkumbuka.

Wa pili ni Aloisi, mkulima wa kahawa kutoka Kibosho. Mkatoliki wa kweli, na mjanja wa kweli, na hivyo viwili viliishi ndani yake bila kugombana.

Aloisi alishuka mjini na shemeji yake Filipo, mtu mmoja mrefu asiyesema kitu. Nimecheza naye zaidi ya mwaka, na sauti yake niliisikia mara moja, alipokanyagwa.

Sasa Aloisi akishapokea karata alikuwa anafanya ishara ya msalaba. Hakuna aliyemsema, dini ya mtu ni ya mtu. Ila Mzee Mabruki akagundua kwamba anaifanya pale tu anapopata karata nzuri.

"Bwana Aloisi," akamwambia, "mbona karata mbovu humshukuru Mungu?"

"Mbovu naombea kimoyomoyo, meku," Aloisi akajibu. Meku ni mzee, kwa Kichagga.

Basi tukajua, akijigusa kipaji cha uso, tunajihami. Wiki mbili hivi tulimla vizuri. Wiki ya tatu akajifanyia msalaba mkubwa wa pole pole, tukatupa karata zetu za maana kwa hofu, kumbe mkononi hana hata turufu moja. Watu wawili wa Njoro walivaa gunia siku ile, na Aloisi akawasindikiza mpaka sokoni kwa upendo.

Mnaita bluff. Aloisi alikuwa nayo kabla ya casino zenu.

Hapo nieleze jambo moja la muhimu. Ishara kwa mwenzako ziliruhusiwa, ilimradi mdomo usiseme. Kila watu wawili walikuwa na signal zao. Ukizigundua za mpinzani, shauri yake.

Sasa tuje kwenye habari yangu.

Mzee Mabruki alikuwa na binti, Zubeda. Nilimpenda tangu alipokuja na shangazi yake kushonesha gauni la Idi kwenye kibaraza nilichokuwa nashonea. Sitawaelezea alivyokuwa, kwa sababu anasoma. Niseme tu kwamba gauni lile nililichelewesha makusudi ili waje tena kuliulizia.

Nikatuma wazee kuposa.

Wakarudi na jibu ambalo hawakulielewa. Mzee Mabruki kasema hivi: "Kiti cha Saidi kipo wazi. Mwambieni fundi aje akae Jumamosi, tucheze na watu wa Kibosho. Mtu huwezi kumjua kwa salamu za posa. Tukishinda tutaongea. Nikivalishwa gunia kwa sababu yake, mlango huu asiujue tena."

Wakuu, nilikosa usingizi. Karata nilikuwa mchezaji wa kawaida tu, na hapo nacheza mke.

Mzee akaniita Alhamisi kunifundisha signal yake. Ilikuwa moja tu. Akijikuna pua, ana ree ya turufu. Ree ni ile karata yenye alama moja, ninyi mnaita ace, na kwa mchezo wetu ndiyo inayokula kila kitu.

"Pua," akasema. "Ukiona pua, usiogope."

Ijumaa shangazi akaja kuchukua gauni, na Zubeda nyuma yake. Shangazi akawa anakagua upindo mlangoni kwenye mwanga. Zubeda akajifanya anatazama vitambaa, akanong'ona bila kugeuza uso.

"Baba akiwa na ree, kidole gumba cha mguu wa kulia kinacheza. Hajijui."

Nikamuuliza umejuaje. Akasema, "Mimi ndiye napita na kahawa. Kila mnene wa baraza anaangalia nyuso, mimi naangalia nisikanyage mtu."

(Bibi yenu anasema hakusema "mnene". Alisema "mkubwa". Haya, rufaa imekataliwa.)

Jumamosi baada ya alasiri tukakaa. Mimi nimemkabili Mzee Mabruki, Aloisi kulia kwangu, Filipo kushoto. Watu wamejaa mpaka barabarani. Magunia mawili yametundikwa ukutani ili kila mtu ayaone.

Kabla karata hazijagawiwa, Aloisi akatoa kopo dogo mfukoni.

"Meku, nimekuletea ugoro wa nyumbani. Mama mkwe katwanga mwenyewe, katia na magadi."

Mnajua ugoro wa mgeni haukataliwi. Mtu kashuka nao kutoka Kibosho, kaufunga kwenye jani la mgomba ndani ya kopo ili usikauke, kakupa wewe kabla ya wengine. Ukikataa umemtukana yeye na mama mkwe wake. Mzee akachota kidole kizima, akavuta pande zote mbili, akasema ahsante.

Chafya ya kwanza iliangusha kikombe.

Basi kuanzia hapo pua ya Mzee Mabruki haikutulia. Anaikuna kwa kiganja, kwa mkono wa kanzu, kwa pembe ya karata yenyewe. Mimi naona pua, siogopi, namwaga karata nono katikati nikijua mzee atazila kwa ree. Mzee hana ree. Wanakula Aloisi na Filipo.

Mchezo wa kwanza tukapoteza. Namwangalia Aloisi, anajipangusa mdomo, macho yake yapo juu kwenye dari kama mtu anayesali rozari. Hapo nikajua lile kopo halikuletwa kwa upendo. Alikuwa ameshaigundua pua zamani sana.

Mzee ananikazia macho. Hawezi kusema, mdomo umefungwa na sheria yake mwenyewe, na kila akijaribu kuacha kujikuna machozi yanamtoka.

Ndipo nikakumbuka mguu.

Nilikuwa nimeshausahau kwa woga. Mzee alivaa makubazi ya ngozi, vidole vyote nje. Nikainamisha kichwa, macho nikayashusha chini, na sikuyainua tena.

Na hapa ndipo mambo yalipokuwa matamu. Kwetu kijana anayeposa hamkodolei macho baba wa binti. Anaangalia chini, ndiyo heshima. Kwa hiyo wazee waliokuwa wamesimama nyuma wakaanza kunisifia.

"Kijana kalelewa huyu. Hata kwenye karata hamtazami mkwe usoni."

"Siku hizi hawapo wa hivi."

Mimi nimetulia tu, adabu imenijaa, nasoma kidole.

Mchezo wa pili tukashinda. Ukabaki wa mwisho, turufu kopa, na pointi zimekaribiana mpaka zamu moja tu ndiyo itakayoamua nani avae gunia.

Aloisi akatangulia. Akaweka mfalme wa kopa taratibu, akajifanyia msalaba.

Zamu yangu. Mkononi nina kumi ya shupaza, karata yenye pointi nyingi kuliko zote zilizobaki, na kidude kimoja kisicho na thamani. Kama mzee ana ree, niiweke ile kumi aile pamoja na mfalme, tumeshinda. Kama hana, nitakuwa nimewalisha watu wa Kibosho kwa mkono wangu, na Zubeda ndiyo basi.

Pua inakunwa kwa mikono miwili. Pua haisemi chochote.

Nikatazama chini. Kidole gumba kimetulia kimya. Nikashika kile kidude niweke.

Zubeda akapita na birika la kahawa kando ya baba yake, akamsogezea kikombe. Mzee akauvuta mguu uliokuwa umebanwa na pipa kumpisha, akaurudisha. Na uliporudi, kidole kikainuka, kikashuka, kikainuka. Kinacheza ngoma.

Nikaweka kumi.

Watu wakaguna. Filipo, wakuu, Filipo akacheka, mara ya kwanza tunaona meno yake. Akaweka karata yake ya pointi juu.

Mzee Mabruki akapiga chafya na ree kwa pamoja. Ubao ukapasuka na karata zikamwagika mpaka barabarani.

Aloisi alivaa gunia lake kiungwana. Akajifanyia msalaba, akamshika shemeji mkono, wakaenda sokoni wanasalimia watu kama wako harusini. Nilimpenda yule bwana, na niliendelea kumpenda mpaka tulipomzika kwenye kihamba chake, lile shamba la ukoo kule Kibosho.

Watu walipotawanyika, Mzee akabaki ananiangalia, bado anafuta machozi.

"Fundi. Pua yangu ilikuwa inawaka moto tangu mwanzo. Ulijuaje nina ree?"

"Nilibahatisha tu, mzee."

"Ulibahatisha."

Akaangalia uso wangu. Halafu akashusha macho kufuata pale macho yangu yalipokuwa jioni nzima. Akautazama mguu wake muda mrefu. Halafu akamtazama Zubeda, ambaye alikuwa anakusanya vikombe kwa bidii ambayo haijawahi kuonekana.

Akavuta mguu ndani ya kanzu.

Wiki iliyofuata wazee wangu wakaitwa, posa ikapokelewa.

Baada ya harusi nikaenda barazani kucheza, mara ya kwanza nikiwa mkwe. Mzee Mabruki akatoka ndani akiwa amevaa yale mabuti yake ya reli, makubwa, meusi, kamba zimefungwa mpaka juu. Akakaa upande wa wapinzani wangu. Akachanganya karata.

"Haya mkwe," akasema. "Sasa tucheze."

Nilivaa gunia mara nyingi mwaka ule.

Funzo langu kwenu vijana wa poker ni dogo. Kausheni sura mnavyotaka, lakini kila mtu ana mahali pake panaposema, na mwenyewe ndiye wa mwisho kupajua. Anayepajua ni yule anayepita na kahawa.

Nasema hivyo kwa sababu mimi na bibi yenu tunacheza karata mpaka leo, kila jioni, hapa hapa Njoro. Ananishinda. Nimejaribu miwani ya jua, nimejaribu kofia, nimejaribu soksi na mabuti, nimejaribu kukaa na blanketi mpaka shingoni kama Saidi Koti. Bado anajua nilichoshika.

Nimemuuliza sasa hivi, wakati naandika, aniambie ni nini hasa. Tumezeeka, nimemwambia, si vizuri mtu kuondoka na siri kama hiyo.

Amesema atafikiria. Halafu ameniambia niweke chini hiyo simu nikachanganye karata, maana tangu nianze kuandika anaona nina hamu ya kushindwa.

Karibuni na maoni. Na kama yupo humu aliyewahi kukaa na mimi barazani na akaona kitu, mkono, sikio, chochote, aje PM kimya kimya. Bibi yenu PM bado hajajua kuzifungua.