Siku Tunu Alipoachiwa Ilula

Harufu ya nyanya zilizopigwa na jua ikinifikia puani, mimi husikia mbawa za njiwa. Msinicheke. Ngojeni niwaeleze.

Nilikuwa darasa la nne, nikiishi kwa shangazi Ipogolo, bondeni chini ya mji wa Iringa, kwa sababu mama, aliyeuza nyanya kando ya barabara kuu kule Ilula, alitaka nisome shule ya mjini. Mwanzoni nililia sana. Kila niliposema "nyumbani," shangazi alijua nasema Ilula.

Mwalimu wetu wa sayansi alifuga njiwa. Siku moja alituambia kwamba njiwa aliyekulia na kufunzwa kwenye banda lake, hata ukimpeleka mbali ndani ya kikapu kilichofunikwa, atarudi. Darasa zima tuliguna. Sisi wenye akili zetu tulikuwa tukipotea sokoni! Mwalimu hakubishana nasi. Alinipa kinda nimlee palepale bandani kwake, nikamwita Tunu, nikamlisha mtama kiganjani. Alipokomaa tukawa tunamwachia mbali kidogo kuliko jana: uwanja wa shule, mtoni, kisha juu mjini. Akarudi kila mara, nami kila mara nikashangaa upya.

Basi ikaja Jumamosi ya Ilula. Wenzangu walibaki wakilinda banda. Mimi na mwalimu tukapanda basi na kikapu. Njia nzima nilikikumbatia kikapu, maana vilima vile vina mwewe, na sikuwa na Tunu mwingine.

"Kamwene, mwalimu! Karibuni," mama alitupokea kwa furaha, kwa salamu ya Kihehe. Tulipokwenda kunawa mikono, akamtoa Tunu kikapuni, akamfunga kamba mguuni, na ncha ya pili akaifunga kwenye tenga la nyanya.

"Mama, unafanya nini?" nilipiga kelele.

"Si umeniletea? Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, mwanangu. Akizoea, atakaa."

Nikamweleza, machozi yakinitoka, kwamba huyu hazoeshwi, ana kwao. Mama akaifungua kamba taratibu. Hakuitupa, aliizungusha kidoleni.

Nikamrusha Tunu. Alizunguka juu ya matenga, akazunguka tena, wanunuzi wakaacha kubishana bei wakainua vichwa, kisha akanyooka kuelekea Iringa kama mtoto aliyeitwa na mama yake. Hakuna barabara, hakuna kibao, hakuna wa kumuuliza. Mwili ulinisisimka wote. Nani alimwonyesha njia?

Tuliketi kwa mama kunywa chai tukisubiri habari. Simu ya mwalimu ilipoita hatukusikia maneno, ila makelele ya darasa zima: amefika! Niliruka, nikamshika mwalimu mkono. "Twende, mwalimu! Twende nyumbani nikamwone!"

Mama alikuwa akipanga nyanya. Aliendelea kuzipanga, zilezile alizokwisha kuzipanga.

Miaka mingi nimeisimulia habari hii nikidhani ni ya njiwa. Sasa nina binti anayesoma Mbeya. Juzi, akiwa likizo hapa kwangu, alilishangilia basi la asubuhi la kurudi Mbeya: "Mama, kesho nawahi nyumbani!" Moyo ulinichoma, nami nikaendelea kukunja nguo zake. Ndipo nilipojua mama alisikia nini siku ile, na ilimgharimu nini kuniambia, bila kuinua macho, "Nenda, mwanangu. Usije ukachelewa."