Kiatu cha Kushoto Siku ya Arusi ya Numbi

Mwanangu, asubuhi ya arusi ya dada yangu Numbi naikumbuka vizuri, maana nilifika kanisani na kiatu kimoja, na tangu nizaliwe sijatembea kwa fahari kama siku ile.

Nilikuwa kijana, dereva wa lori la magunia. Lori lile lilikuwa la gia za mkono: pedali tatu, mguu wa kushoto ukikanyaga embrayaji, yaani klachi, kila unapobadilisha gia. Injini ikinung'unika tu, mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye gia. Magari ya automatiki, yanayojibadilishia gia yenyewe, niliyaita magari ya wavivu. Ninyi vijana leo mmegeuza mambo: juzi mlikaa hapa Kasulo mkimcheka mwenzenu kwa sababu gari la baba yake bado ni la gia za mkono. Nilisikia.

Familia ya bwana arusi, watu wa asili ya Kasai waliokuwa wanafanya kazi Nzilo, walituazima gari la kumpeleka Numbi kanisani kwao, kule chini karibu na bwawa. Kwetu, kaka ndiye anayemfikisha dada. Padri alikuwa aondoke saa sita kwenda parokia nyingine, na baadhi ya wazee wao walikuwa bado wananong'ona kwamba sisi, familia iliyotoka kaskazini, hatukuitaka ndoa ile. Tungechelewa, wangesema tumeshatoa jibu.

Gari lenyewe lilikuwa automatiki, pedali mbili tu. Jirani yetu Tata Ilunga, dereva mstaafu, alitaka kunionyesha. Nikamjibu, "Tata, mi naendeshaka camion. Hii ni ya batoto." Akapanda kiti cha nyuma, karibu na Numbi.

Hatukumaliza hata barabara ya kwetu. Mguu wa kushoto ukatafuta embrayaji, ukakuta breki, ukaikanyaga kwa nguvu zote za lori. Numbi akagonga paji la uso kwenye kiti cha mbele, taji lake la maua likaangukia mapajani mwangu. Nikaondoa gari, nikarudia kosa lilelile. Mazoea yana taabu. Numbi akaanza kulia, akasema atashuka aende kwa miguu. Niliona aibu hadi masikio yakapata moto.

Tata Ilunga hakupandisha sauti. "Toa kiatu ya kushoto, ulete hapa," akasema. "Ile muguu haina kazi leo. Ikibakia bila kiatu, itakumbuka."

Nikampa, akakipakata. Na kweli, kila mguu ule ulipotaka kuinuka, unyayo mtupu ulinikumbusha, nikautuliza.

Kwenye mteremko wa Nzilo nikashikilia breki mfululizo mpaka ikaanza kunuka. Kwenye lori ningeshusha gia. Humu nilidhani sina la kufanya.

"Vuta kwa mbili," akasema Tata Ilunga. "Acha moteur ishike motokari. Ile kazi unaijua."

Niliijua kweli. Nikavuta mkono wa gia hadi penye namba mbili, injini ikanguruma, gari likapunguza mwendo lenyewe. Nilicheka kwa furaha, na Numbi akacheka huku akifuta machozi. Automatiki inapumzisha mguu wako kwenye foleni, gia za mkono zinakufundisha kusikia injini, lakini mteremko hauulizi umekuja na gari gani.

Padri alikuwa mlangoni anatazama saa, sikungoja kuvaa kiatu. Mama zetu wa Kasai wakapiga vigelegele, wa kwetu wakajibu kwa sauti kubwa zaidi. Nikamshika Numbi mkono hadi altareni, mguu mmoja peku, na sikumsikia tena mtu akinong'ona. Kiatu nilirudishiwa jioni, nikiwa nimeshacheza ngoma bila kiatu hicho.

Kwa hiyo, mwanangu, ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Ujuzi wa jana usiutupe, na usiulazimishe mahali ambapo hauna kazi. Uweke karibu, mteremko utauita. Usimcheke mwenye pedali tatu wala mwenye mbili. Na mtu mzima akitaka kukuonyesha kitu, mwache akuonyeshe kabla taji la dada yako halijaanguka.

Mungu akupe safari ndefu na breki zisizonuka, na kwenye kiti cha nyuma asikukoseshe mzee wa kukushikia kiatu.