Kahawa ya fungo: siku niliyomtafsiria mdogo wangu mbele ya Waswidi

Wakuu, shikamooni wale mnaostahili, wengine mambo vipi.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka. Nacheka na nyuzi zenu, nawalaani wanaume wa kwenye nyuzi zenu, naenda zangu kazini. Leo naandika mimi. Chumvi sitii, na pale nilipokosea nitasema nimekosea. Majina nimebadilisha maana wahusika wana simu na wana hasira.

Mimi ni mwanamke wa Kagera, naishi Husby, hapa Stockholm. Kazi yangu ni tolk, yaani mkalimani. Mama wa Kirundi akienda kliniki, Mkongo akiitwa shuleni kwa ajili ya mtoto wake, naitwa mimi nikae katikati.

Sasa kazi hii ina sheria zake, naomba mzishike maana ndizo zilizonifikisha hapa.

Kila kinachosemwa unakitafsiri. Chote, hata tusi. Huongezi, hupunguzi.

Na unasema "mimi". Mgonjwa akisema naumwa tumbo, wewe husemi "anasema anaumwa tumbo". Unasema naumwa tumbo, kama lako.

Sheria nyingine: usimtafsirie ndugu yako. Hii ndiyo niliyoivunja.

Kwa wasiomjua fungo, ni mnyama wa usiku, mkubwa kuliko paka, ana madoa na weusi machoni. Kwetu tumekua naye. Anaingia kwenye kibanja, shamba letu la migomba na mibuni, anakula kahawa zilizoiva, mbegu anazitoa nzima kwenye kinyesi. Na ana tabia moja: anajisaidia palepale kila siku. Ana choo chake.

Sisi watoto tulikuwa tunatumwa kwenye hicho choo. Bibi alizitaka zile buni, anaosha, anakausha, anachanganya na nyingine. Mimi na mdogo wangu Novatus tulikuwa tunachambua kwa kijiti huku tumeziba pua. Mle ndani mna kila kitu. Maganda ya jongoo, manyoya, vifupa vya panya, mbegu za mapera, nyasi. Buni unazipata chache, na unazitafuta kweli.

Hilo la vifupa mliweke akilini.

Basi mwaka juzi shemeji yangu, nimwite Deo, mume wa mdogo wangu wa kike Jovina, akaanzisha kampuni yake ya kupeleka Waswidi Tanzania. Wanaishi Skärholmen, hapahapa Stockholm. Deo ni mtu mzuri, nisieleweke vibaya. Nilipofika nchi hii kwenye baridi na viatu vya kitambaa, ni yeye aliyenipeleka kununua buti.

Safari zake zina kituo kimoja barabarani kule kwetu ambapo watalii wanashuka, wanaoneshwa shamba, wanakunywa kahawa ya fungo, wananunua. Mwenye kituo alikuwa anahitaji mtu mwaminifu wa kusimamia. Nikampendekeza Novatus. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Novatus ana watoto watatu na hakuwa na kazi. Alipoipata alinipigia akilia.

Nami nikawa mpiga debe. Deo akileta pakiti za kahawa, nabeba. Huku watu wana kitu kinaitwa fika, yale mapumziko yao ya kahawa na kitu kitamu, hawaikosi hata nyumba iwake moto. Basi kwenye kila fika nilikuwa nafungua pakiti yangu na kusimulia: fungo wako huru, wanatembea usiku, asubuhi watu wanaokota tu. Nasimulia na habari za bibi. Watu wanafumba macho wakinywa.

Novatus sikuwahi kumuuliza, nilidhani najua.

Kati ya waliokunywa ni Gunilla. Huyu ni mama mstaafu aliyekuwa anajitolea kwenye språkkafé, pale maktaba wageni wanapokaa na wenyeji kujifunza lugha. Kiswidi changu chote nimeanzia mdomoni mwake. Alikuwa ananirekebisha bila kunicheka, na kwa mtu mzima anayejifunza kusema "mkate" upya, hilo si dogo.

Gunilla akataka kusafiri na Deo. Ila akamwandikia: amesikia sehemu nyingine duniani wanyama hawa wanafungiwa vizimbani kwa ajili ya hiyo kahawa, kwa hiyo yeye na wenzake wanaomba waone shamba moja kwa moja kabla ya kuthibitisha safari. Deo akatuma video ya kurekodi. Wakashukuru, wakaomba ya moja kwa moja.

Deo akanipigia. "Shemeji, nisaidie. Novatus ataonesha na simu, wewe utatafsiri. Wakiona tolk wa kweli wanatulia."

Nikakubali hata kabla hajamaliza.

Ilikuwa Jumamosi mchana, ukumbi wa kukodi kule Skärholmen. Niko kwenye treni ya bluu, sijafika hata mjini kubadilisha, Deo akapiga tena.

"Shemeji, leo usirefushe. Wakiuliza mambo ya wanyama, wape ile hadithi ya bibi."

"Mimi nitatafsiri watakachosema, Deo."

Akasema, "Haya, njoo tu," akakata.

Kule kukata haraka kulinikaa akilini njia nzima. Nilijiambia ana presha ya biashara.

Ukumbini palikuwa na Waswidi kama ishirini, wengi wazee, wamekaa wima na daftari. Jovina yuko nyuma na chupa za kahawa na maandazi. Gunilla mstari wa mbele, akanipungia mkono kwa furaha. Mimi nikasimama pembeni ya skrini.

Novatus akatokea. Shati jipya, jasho usoni. Akasalimia, nikatafsiri. Akaonesha migomba, mibuni, ua wa mbele, watu wanatabasamu. Nikaanza kupumua.

Kisha akaleta sinia. Akalisogeza karibu na simu, kinyesi cha fungo kilichokaushwa, kimepangwa kwa mistari kama kashata.

Wakuu, kilikuwa kisafi.

Buni tupu. Hakuna unyoya, ganda la jongoo wala jani. Waswidi wote ukumbini waliona usafi, wakaitika kwa kichwa. Mimi niliyechambua kitu hicho kwa kijiti utoto mzima niliona mnyama ambaye hajala kitu kingine kwa miezi.

Nikamtazama Deo, Deo akatazama sakafu.

Gunilla akanyoosha mkono. "Naomba kumuuliza, fungo hawa wanaishi wapi?"

Nikatafsiri. Na hapo nikafanya ambalo tolk hafanyi kamwe. Nikaongeza la kwangu, kwa Kiswahili:

"Novatus, vifupa viko wapi?"

Alielewa papo hapo. Tulichambua pamoja utotoni. Uso wake ukabadilika, simu ikayumba, tukaona bati, tukaona mbingu. Akarudi.

"Dada, usiniulize hayo mbele za watu."

Watu ishirini wananitazama mdomo, wanasubiri.

Deo akaninong'oneza kwa nyuma, "Sema mtandao unasumbua. Shemeji, nakuomba. Sema mtandao."

Nilifikiria watoto watatu wa Novatus. Nilifikiria Jovina pale nyuma na maandazi yake. Nilimfikiria yule aliyenipeleka kununua buti. Na ingekuwa rahisi kweli, wakuu. Maneno matatu ya Kiswidi na kila mtu angerudi nyumbani na pakiti yake. Nani angejua?

"Adventina," Gunilla akasema, "amesema nini?"

Nikasema kwa Kiswidi, sawasawa kama ilivyotoka: "Dada, usiniulize hayo mbele za watu."

Ya Deo sikuyatafsiri. Hapo nilivunja sheria nyingine tena, nakiri, kwa ajili ya Jovina.

Nikamgeukia Novatus kwenye skrini. "Nimewaambia ulichosema. Ukitaka kukata simu kata, sitakulaumu. Ukisema, nitasema."

Na hayo nikayatafsiri pia.

Hakukata. Alifuta uso na mkono wa shati, shati jipya lile, akaanza kuongea polepole, anasimama kila sentensi ili nimfikie.

"Wako nyuma. Wako sita. Ninayewafungia ni mimi."

Nimewatafsiria watu wanaoambiwa wana saratani. Nimemtafsiria mama anayeambiwa mtoto hatazaliwa hai. Sauti yangu huwa haitikisiki, ndiyo kazi. Siku hiyo nilipofika kwenye "ninayewafungia ni mimi" ilikwama, maana haikuwa ya kwake peke yake. Ni mimi niliyezungusha zile pakiti Stockholm nzima. Ni mimi niliyempa kazi hiyo.

Nikaisema. Mimi ndiye ninayewafungia.

"Nawapa kahawa tu, kutwa, kwa sababu tajiri anataka kinyesi kizuri cha kuonesha wageni. Wageni wakija mchana nawachokoa na fimbo waamke, wapigwe picha. Mmoja anazunguka tangu asubuhi hadi jioni, shingo imetoka manyoya kwa kujisugua kwenye waya."

Mzee mmoja akauliza kwa ukali, "Kwa nini hukusema mapema?"

"Nina watoto watatu," akasema Novatus, nikasema mimi.

Gunilla akaomba awaone. Novatus akapita nyuma ya banda akiwa na simu.

Sitaeleza sana. Vizimba vimeinuliwa juu ya nguzo, chini waya mtupu ili kinyesi kidondoke kwenye turubai. Jua limewaka juu ya bati. Yule anayezunguka alikuwa anazunguka, hatua nne, anageuka, hatua nne. Mnyama niliyemjua mimi alikuwa anapita kwenye migomba yetu usiku bila kuvunja jani. Nililia mbele za watu, na tolk halii mbele za watu.

Nyuma yangu nilisikia chupa ya kahawa ikiwekwa mezani kwa nguvu. Jovina alikuwa amevaa koti, anatoka. Hakuaga mtu.

Waswidi hawakupiga kelele. Walifunga daftari moja moja, wakasukuma viti vyao mahali pake, wakaondoka. Vikombe vilibaki vimejaa. Heri wangetukana.

Jumatatu Novatus akafukuzwa kazi. Deo safari yake ikafa, na hadi leo simu zangu hapokei. Jovina ananijibu kwa "sawa" na "haya", na wanaume wenye wake mnajua uzito wa "sawa".

Kituo bado kipo, msidhani kimefungwa. Gunilla amewaandikia wahusika wa wanyamapori huko nyumbani, nami nikamtafsiria barua yake kwa Kiswahili. Bado tunasubiri jibu.

Lililonikata maini ni Novatus. Wiki sita hakunitumia hata nukta. Kumbukeni nilikuwa nimemlea yule. Nilimpigia kila Jumapili, inaita mpaka inakata. Mke wake alinijibu mara moja tu: "Yuko kibanjani, analima. Hataki kuongea na wewe, wifi."

Nikaanza kujiuliza kama nilisema ukweli au nilijisafisha mimi kwa mgongo wake. Mimi nina mshahara wangu huku. Ukweli wangu aliulipia yeye.

Halafu juzi, niko kwenye foleni ya kliniki nasubiri kuitwa kazini, simu ikatoa mlio.

Picha. Kutoka kwa Novatus.

Udongo, majani makavu ya mgomba, na katikati lundo la kinyesi. Nikaikuza. Pete za maganda ya jongoo. Unyoya wa kuku, kwa hiyo jirani fulani amelia. Mbegu za mapera. Kifupa cheupe. Na buni mbili tatu, chache.

Chini ameandika: "Dada, bado anakuja palepale. Hivi hapa vifupa vyako."

Wakuu, nilikumbatia simu yenye picha ya mavi kwenye kliniki ya watu. Muuguzi akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia mdogo wangu amenisamehe, nadhani.

Nilichojifunza ni hiki. Ukipeleka wageni mahali, au ukiuza kitu kwa jina la kwenu, nenda ukaone nyuma ya banda kwanza, usisimulie kwa kumbukumbu za bibi. Mkioneshwa fungo mchana kweupe kwenye vituo vya watalii, jueni kuna mtu na fimbo. Na ndugu zenu msiwatafsirie, kanuni ile haikuwekwa bure.

Mwenye kunichana anichane, niko hapa. Hasa nataka mniambie: ningesema mtandao unasumbua, halafu nikamwita Novatus pembeni, ingekuwa busara au ingekuwa woga? Mimi mwenyewe jibu linabadilika kila siku.

Na Deo, najua unasoma humu, ni wewe uliyenionesha hili jukwaa. Zile buti bado ninazo. Jumapili napika ndizi. Njoo na mkeo.