Unga wa Chaki Sakafuni

Siku hizi watu hujenga jiko kama wanavyonunua runinga: la kutazama. Mwanangu na mkewe hawapiki. Chakula huwafikia mlangoni kwa pikipiki, kimefungwa kama zawadi, na sufuria zao zinang'aa kabatini kama bibi harusi asiye na mchumba. Hata hivyo waliamua kulibomoa jiko la marehemu mke wangu walijenge upya, wakamwita Chaki.

Chaki ni mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti kavu. Zamani alikuwa mshonaji. Enzi hizo nguo ilishonwa kwa mwili wako, na bega lako lililolegea fundi alilijua na kulisitiri. Zikaja nguo za madukani, watu wakakubali kuvaa miili ya wengine, na cherehani yake ikanyamaza. Akahamia kwenye majiko. Kipande cha chaki hakijaondoka nyuma ya sikio lake, ndiyo asili ya jina.

"Tunataka oveni kubwa pale dirishani," mkwe wangu alimwambia. "Hicho kibaraza cha saruji kivunjwe."

Kwenye kibaraza hicho marehemu alikaa akichambua mchele tangu tulipohamia. Nilitaka kusema, nikajizuia. Nyumba ni yao sasa, na mzee anayelilia saruji huonekana amerudi utotoni.

"Mnapika lini, bibie?" Chaki aliuliza.

"Aa... wageni wakija."

"Na wageni wanakuja?"

"Wakija tunaagiza," mwanangu akajibu. Tukacheka wote, hata mimi.

Chaki hakupima ukuta. Alisaga chaki zake, akanyunyiza unga wake sakafu nzima, mwembamba kama umande. "Ishini kama kawaida. Nitarudi kesho. Ole wake atakayefagia."

Alipoondoka mwanangu akanong'ona, "Huyu mama anatupima au anatuloga?"

Kesho yake tulisimama mlangoni nyuma yake, tukiangalia. Mbele ya jiko la gesi unga haukuwa umeguswa. Penye friji, nyayo chache za haraka. Lakini njia zote, za viatu vya mwanangu, za ndara za mkewe, za vidole vya mjukuu wangu, zilielekea dirishani, na mbele ya kibaraza unga ulikuwa umefutika kabisa. Nilidhani ni mimi pekee ninayekwenda kukaa pale alfajiri. Kumbe kila mmoja wetu huenda kwa wakati wake, kimyakimya. Marehemu alikuwa bado anatukaribisha, nasi tulikuwa tunaitika bila kujua.

"Nani anakaa hapa?" Chaki aliuliza.

"Nikitoka kazini navulia viatu hapo," mkwe wangu akasema polepole.

"Mimi nanywea chai hapo," mwanangu akasema bila kunitazama. "Mama alikuwa..."

"Basi hiyo ndiyo nguo yenu. Oveni itawabana kwapani."

Mkwe wangu akanigeukia. "Baba, wewe unasemaje?"

"Kiachwe," nikasema.

"Kiachwe na kirefushwe," akasema yeye. "Tutabanana hapo mpaka lini?"

Chaki akavuta utepe shingoni mwake. "Haya mzee wangu, anza wewe. Kaa nikupime goti."

Nikakaa, mgongo wima. Tangu suti yangu ya harusi, hakuna fundi aliyewahi kunipima tena.