Mshahara wa Viti vya Plastiki

Sebuleni kwetu kuna viti viwili vya plastiki vya bluu vilivyochorwa kitu cheupe cha duara mgongoni. Wageni husema ni yai. Si yai, ni mpira, na niliuchora mimi mwenyewe kwa rangi iliyobaki baada ya kupaka milingoti ya goli. Niliuchora kwenye viti vyote vya klabu yetu pale Tawa, na nilipofika katikati mkono ulishachoka, mipira ikaanza kurefuka. Anayetaka kucheka na acheke.

Klabu yetu haikuwa na ua wala lango la kukatia tiketi. Mtazamaji alisimama pembeni mwa uwanja na mbuzi wake, akapiga kelele, akaenda zake bila kutoa hata senti. Pesa yetu ilitoka kwingine kabisa: hema kubwa na viti, tulivyonunua kwa michango na kwa ndengu za mwaka mmoja wa mavuno mazuri. Mwenye harusi au matanga alivikodi, na kodi hiyo ikanunua mipira na kulipa nauli. Wachezaji hawakulipwa. Walipewa soda na chapati, na ahadi moja ambayo kila mtu aliijua: siku yako ya kuoa, au siku ya kumzika mzazi wako, klabu itakuja na hema na viti, bure, na wenzako watakupangia. Kwa ahadi hiyo mchumba wangu alicheza beki wa kushoto miaka na miaka, mpaka ukucha wa kidole gumba cha mguu ukakata tamaa ya kuota.

Nasi tulikuwa tumeitegemea. Mbuzi wa ntheo, wale wa posa kwa desturi yetu Wakamba, walishafika kwetu, wazazi wakakubaliana, harusi ikapangwa Agosti. Mimi ni fundi wa nguo pale sokoni, kwa hiyo gauni nilikuwa najishonea. Mama yangu alikuwa na sharti moja tu: watu wa kanisa lake wakae kivulini, tena kwenye viti. Kwa mama, mgeni aliyesimama ni aibu ya ukoo mzima.

Basi mwenyekiti wetu akaamua kwamba lazima tuchukue kombe. Alikuwa muuza dawa za mifugo, mtu mwema, lakini ule mpira wa Ulaya aliokuwa akiutazama kila Jumamosi ulishamwingia kichwani. Mwisho wa mwaka alikwenda mji wa Kiboko akarudi na straika.

"Huyu ni wa kulipwa kila mwezi," alitutangazia uwanjani, straika amesimama kando yake na viatu vya rangi ya machungwa.

"Na pesa ya kumlipa iko wapi, mwenyekiti?" niliuliza.

"Tukishinda kombe, sponsa atakuja. Sponsa hawezi kuja kwa timu ya watu wa chapati."

"Sponsa gani huyo?"

"Wewe fundi, shona nguo. Mambo ya mpira tuachie sisi."

Straika alijua kazi, sikatai. Alifunga mechi ya kwanza, akafunga ya pili, na Tawa nzima ikawa haina habari nyingine. Lakini mwonja asali huchonga mzinga. Mwenyekiti akaleta kipa wa kulipwa, kisha kiungo wa kulipwa, na kila mmoja akawa anauliza mwenzake anapata ngapi ili na yeye aongezewe. Desemba mambo yalikwenda, kwa kuwa watu walikuwa wanaoana kila Jumamosi. Mvua za Machi zilipokuja, kila mtu akaingia shambani na harusi zikakoma. Yakabaki matanga tu. Mwenyekiti akaanza kuulizia hali za wagonjwa kwa bidii iliyowatia watu wasiwasi. Mzee mmoja aliyekuwa anaugua kifua alipomwona akiingia uani aliita kutoka kitandani, "Mwambieni nimepona!"

Hema likauzwa. Mchumba wangu ndiye aliyeniletea habari, amesimama mlangoni mwa kibanda changu kama mtu aliyevunja sahani.

"Wameuza hema."

"Hema letu?"

"Wamelipa kipa."

Nilikasirika hata nikashona mkono wa gauni juu chini. Nilimwuliza kama yeye bado anawachezea watu hao.

"Sasa nikiacha," alisema, "nani atalinda kushoto?"

Fainali ilikuwa Nuu, mwezi wa Juni. Tulikwenda kwa lori tukiimba. Wenyeji walifunga mapema, straika wetu akapiga mwamba mara mbili, jua likafanya yaliyobaki. Tukarudi tumejaa vumbi, na sponsa hakuonekana Nuu wala njiani.

Jumatatu iliyofuata wale watatu wa kulipwa walikwenda dukani kwa mwenyekiti, wakakaa juu ya magunia ya chakula cha kuku, wakakataa kuondoka. Ikawa mteja akitaka gunia, hawezi kupata. Kufikia alasiri mwenyekiti alisalimu amri, akawaambia wachukue viti vya klabu wagawane. Kipa na kiungo hawakujua wangepandaje basi na lundo la viti, wakamwuzia straika kwa bei ya nauli. Straika yeye hakurudi Kiboko. Alikodi chumba nyuma ya kinu cha kusaga unga, na baada ya wiki chache kikatokea kibao: VITI VYA KUKODI.

"Nilikuambia uolewe na mwalimu," mama alisema.

"Kwani mwalimu ana viti, mama?"

"Angalau ana madawati."

Tukaenda kwa straika, mimi na mchumba wangu, kukodi viti nilivyovichora mwenyewe. Hakutupunguzia hata shilingi. "Dada, hii ni biashara," alisema, na tukatoa pesa tuliyokuwa tumeweka ya keki. Njia nzima mchumba wangu alihesabu chenji iliyobaki. Hapo ndipo moyo uliniuma, kwa sababu yule beki wangu hakuwahi kudai chochote zaidi ya siku hii moja.

Kivuli nilikitengeneza mwenyewe. Niliazima maturubai ya kuanikia ndengu kwa majirani, nikayaunganisha kwa sindano ya magunia. Siku ya harusi upepo ulipovuma, ndengu zilizobaki kwenye mikunjo zikawa zinawadondokea wageni. Moja ilitua kwenye Biblia ya pasta, akaipuliza, akaendelea. Mama alikaa mbele, kwenye kiti, kivulini, na sijawahi kumwona amefurahi vile.

Jioni straika alikuja na mkokoteni. Alipakia viti vyote, akabakisha viwili.

"Umesahau hivyo," mume wangu alimwambia.

"Sijasahau. Hivyo ni vyako, beki."

"Tulilipa kukodi, hatukulipa kununua."

"Zile krosi zote nilikuwa nafunga, nani alikuwa ananipea? Mimi nililipwa. Wewe walikulipa nini?"

Mume wangu alilia, hapo hapo, na suti yake na ndengu begani, nami nikalia naye, huku straika akisukuma mkokoteni wake haraka kama mtu aliyeiba kitu.

Klabu ingali ipo, bila hema wala kiti. Mume wangu bado anailindia kushoto. Kimoja cha viti vyetu kimepata ufa, na hicho haruhusu mgeni akikalie, hukikalia mwenyewe akivua viatu. Wageni wakianza kuuliza habari ya yai, mimi husema ni mpira. Yeye huwaambia ni mshahara.