Kisima Nilichokitoa

Vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kidogo. Juzi mjukuu wangu alirudi na zoezi la shule: eleza maana ya neno la Kiingereza "riddle". Akaandika, "Swali gumu la kufumba." Nikamwambia hiyo ni nusu. Swali gumu hata daktari anauliza. Kitendawili ukishindwa, unatoa mji.

Kwetu Gorong'a tulitegeana jioni tukipukuchua mahindi, uji wa ulezi ukichemka pembeni. Bibi yangu alitega huku mikono ikiendelea na kazi.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nina ng'ombe, namkamua asubuhi na jioni, ndama hana."

Nikasema nyuki. "Nyuki unamkamua wewe?" Wenzangu wakacheka mpaka mahindi yakamwagika. "Haya, nipe mji."

Kemambo nilishatoa. Robanda nilishatoa, na sijawahi hata kufika. Miji imeniishia. Nikasema, "Chukua kisima chetu."

Gunzi la bibi lilisimama mkononi. Akasema, "Nimepokea." Jibu hakulitaja.

Asubuhi nilifika kisimani na mtungi wangu, nikashindwa kuinama. Maji si yetu tena, nitayachotaje? Usinicheke. Kwetu neno likishatoka limetoka. Wanawake wakachota, wakaondoka, nami nimesimama na mtungi mtupu, nyumbani sufuria inangoja. Nikaanza kulia. Bibi akatokea na fimbo yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unalia ndani ya mji wangu?"

Akaelekeza fimbo chini. Jirani wa mwisho alikuwa amechota mpaka likabaki tope. Nikatazama. Maji yakaanza kupanda yenyewe, polepole, bila mtu kuyagusa, mpaka yakajaa na kutulia. Miaka yote nilichota pale, sikuwahi kusimama nikayaona.

"Bibi! Ng'ombe ni kisima!"

"Umejibu. Chukua mji wako. Na upesi, watu wana njaa."

Bibi hayupo tena. Mahindi siku hizi yanapukuchuliwa na mashine, inanguruma, hamwezi hata kusikilizana. Kisima kimekauka, limebaki shimo lenye majani. Nikipita pale bado nasimama, natazama kama yatapanda.

Mjukuu nimemwambia afute, aandike upya. Na nyumba yangu yote nimeiagiza: mkishindwa, toeni mji wowote, hata Dar es Salaam. Mnapochota maji, msitoe.